Mihogo Myeupe ya Euphrasia

Mwaka ule wa unga wa njano, mvua ilipogoma kuanzia Samuye mpaka Ushirombo na foleni ya duka la kijiji ikawa ndefu kuliko misa ya Pasaka, Salvina alikuwa na furaha moja tu, nayo ilikuwa furaha mbaya. Kila asubuhi alipanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya kibanda chake, akaweka kiganja juu ya macho kuzuia jua, akatazama jabali la shamba lililokuwa lake zamani. Juu ya jabali palikuwa peupe utadhani mtu ameanika mashuka. Ilikuwa ni mihogo. Euphrasia, mke wa shemeji yake, alikuwa ameimenya, ameikata vipande vyembamba, ameianika juani hivyo hivyo.

"Anika, mama," Salvina alisema peke yake. "Anika na ya mwezi ujao."

Mihogo ya shamba lile ilikuwa michungu, na mihogo michungu ina masharti yake. Unaimenya, unairundika, unaifunika kwa majani na nyasi, unaiacha ivunde siku nne tano mpaka lundo linapata joto kama paji la mgonjwa na mihogo inaota ukungu mweusi. Ndipo unaukwangua ukungu kwa kisu, unaivunjavunja, unaianika, unaitwanga. Huo ndio udaga. Kwa macho haupendezi, na harufu yake hufika nyumbani kabla ya aliyeubeba. Lakini sumu imekwisha kuondoka. Wa kuogopa ni ule mhogo mweupe uliokaushwa bila kuvundikwa. Huo sumu yake haijasogea hata hatua moja, na mwaka wa ukame huwa kali zaidi.

Euphrasia hakuyajua hayo. Alizaliwa na kukulia Mhunze, kwenye mtama na viazi vitamu. Kwao kiazi hukatwa vipande, kikaanikwa, kikawa mchembe, kikakaa mwaka mzima ghalani bila kumdhuru mtu. Alipoletwa mbele ya mhogo, akaona kiazi kirefu.

Wanawake wawili wa kijiji walikwenda kumwonya. Aliwasikiliza huku mkono umeshika kiuno, kisha akawaambia, "Mnataka na mimi niwe mla ukungu kama ninyi?" Wakachukua ndoo zao wakaenda zao. Mumewe, Donatus, angeweza kumwambia, lakini alitoka kijijini akiwa kijana kwenda kufanya kazi kwenye kinu cha pamba, na jikoni kwa mama yake alikuwa akiingia kula tu.

Akabaki Salvina. Naye alikaa kimya kwa makusudi.

Jirani yake Nyamizi, aliyekuwa akija kuota moto kwake, hakuupenda ukimya huo.

"Mama Klara, wewe unaona. Nenda ukamwambie."

"Nikimwambia leo atanitukana. Usiku atavundika mihogo yake kimya kimya, na kesho ataamka ni mpishi hodari. Mimi je? Nitaamka ni yule yule aliyemuua Ansgar."

Nyamizi akachokoa moto. Siku ile alikuwepo.

Ansgar, mume wa Salvina, alichimba dhahabu Nyarugusu miaka kumi na minne. Dhahabu aliyorudi nayo ilitosha kununua baiskeli na cherehani. Vumbi la mwamba alilorudi nalo kifuani lilitosha kumuua. Alikohoa misimu mitatu. Salvina alimwogesha, akamlisha kwa kijiko, akamwegemeza kifuani kwake usiku ili apate pumzi, mpaka asubuhi moja pumzi haikupatikana.

Donatus na Euphrasia walikuja msibani na lori, na dume la ng'ombe, na mchele. Siku ya kuanua tanga Euphrasia aliingia jikoni kutafuta sufuria, akakuta lundo la udaga ambao ulikuwa haujakwanguliwa. Akatoka na bonge moja juu ya sahani, jeusi, lenye manyoya ya ukungu, akalipitisha mbele ya watu kama mtu anayepitisha kapu la sadaka.

"Jamani, oneni alichokuwa akilishwa shemeji yangu! Mgonjwa wa kifua analishwa uvundo? Mbwa wa kwetu hali kitu hiki!"

Wanawake wote waliokuwa pale walikuwa na lundo kama lile majumbani mwao. Hakuna aliyefungua kinywa. Nyama ya Donatus ilikuwa bado iko katika meno yao. Baba mkubwa wa ukoo akakohoa, akasema mambo haya yataangaliwa. Yakaangaliwa haraka sana. Salvina hakuzaa mtoto wa kiume, alikuwa na Klara tu aliyeolewa mbali. Kabla mwezi haujaisha, nyumba na shamba vilikuwa vya Donatus, na Salvina yuko kwenye kibanda kando ya kichuguu, na watoto wakimwona kisimani wanafunika ndoo zao.

Kilichomuuma zaidi ni mkwewe. Bibi Theopista, mama yake Ansgar, macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa uzee, lakini masikio yalikuwa mazima. Alisikia yote siku ile. Alikula udaga wa mikono ya Salvina miaka ishirini, akanenepa nao. Alikaa pale kwenye mkeka, akanyamaza. Wiki mbili baadaye, chumvi iliyofungwa kwenye kitambaa ilifika kibandani kwa Salvina bila maneno. Na mwezi uliofuata. Na uliofuata. Salvina aliipokea. Hakujua kama ile chumvi ni upendo au ni faini.

Basi alfajiri moja alikwenda mpaka kwenye jabali, akachukua kipande kimoja cheupe, akakitafuna. Uchungu ulipanda mpaka nyuma ya masikio, ulimi ukafa ganzi. Akatema, akasukutua na maji ya kibuyu, akatabasamu. Akachukua vipande vingine vitatu, akavifunga kwenye pindo la kanga.

Habari ikaenea kwamba wageni wanakuja kutoka Samuye kumposa Apolonia, binti wa Euphrasia. Ni watu wa ng'ombe, wanaokula mtama, na wanaongozwa na mzee mmoja anaitwa Maduhu. Euphrasia alikuwa ametunza ule unga mweupe kwa ajili yao. Nyumbani walikuwa wakila unga wa njano wa foleni na mtama uliosalia kutoka Mhunze, na unga wa wageni ulikuwa haujaguswa.

"Mungu si Athumani," Salvina alisema. Nyamizi akamtazama.

"Unataka watu wafe, Mama Klara?"

"Hafi mtu. Nitasimama wakati mikono imeoshwa na tonge halijakatwa. Pale pale katikati. Nikisema mapema, atasikia mpishi mmoja na kuku wawili. Mimi sikuaibishwa mbele ya kuku."

Jumamosi ya posa alijipaka mafuta, akavaa kanga yake ya kanisani, akaingia uani kwa Euphrasia kama mtu aliyealikwa. Ndani ya kikapu chake alikuwa na bonge la udaga wenye ukungu wake, limefungwa kwenye majani. Alijiketisha kwenye mkeka wa wanawake. Wakasogea kidogo, si kwa heshima. Euphrasia alimwona, akakunja uso, lakini wageni walikuwa wanaingia langoni na huwezi kumfukuza mama wa ukoo mbele ya wakwe watarajiwa.

Salamu zikachukua muda wake. "Mwadila," "mwadila," shikamoo na marahaba, habari za ng'ombe, habari za mvua ambayo haipo. Harufu ya kuku ikatoka jikoni. Salvina alisikia mwiko ukisonga, akasikia mtu anaitwa, sahani zinagongana, mtu anapita nyuma ya nyumba na kurudi. Hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye beseni la kunawia.

Ugali ulipoletwa, wageni walinyanyua shingo. Njaa ya mwaka ule ilikuwa imewazoesha ugali wa njano na ugali wa kijivu. Huu ulikuwa mweupe pee, umelainishwa kwa bakuli, unang'aa.

"Loo!" alisema mzee Maduhu. "Mama, huu ni ugali au ni maziwa yaliyoganda?"

"Ni mihogo, baba," Euphrasia akajibu, akachuchumaa kwa adabu, lakini sauti aliipandisha ifike kwenye mkeka wa wanawake. "Mihogo iliyotengenezwa kwa usafi. Kwangu hamtalishwa ukungu. Kuna waliokula ukungu hapa, na tumewazika."

Maji yakapitishwa. Mzee Maduhu akanawa, akakung'uta vidole. Salvina akasimama.

"Baba zangu, mwadila. Naomba mkono usiingie sahanini bado. Nina kitendawili."

"Kitendawili chakula kinapoa!" kijana mmoja wa Samuye akalalamika, watu wakacheka. Euphrasia alianza kuinuka, lakini mzee Maduhu aliinua kiganja. Alikuwa mmoja wa wale wazee ambao ukitaja kitendawili wanasahau hata njaa.

"Tega, mama."

"Ndugu wawili wa tumbo moja. Mweusi ukimkaribisha, unalala. Mweupe ukimkaribisha, unalazwa."

Wakajaribu. Mmoja akasema usiku na mchana. Mwingine akasema mkaa na majivu. Kijana mwenye njaa akasema mama mkwe na mke, akapigwa kofi la mgongoni. Mwishowe mzee akajisalimisha.

"Basi nakupa mji. Chukua Samuye."

"Samuye imekauka, baba, sina kazi nayo. Nipe huu ua uniangalie kwa muda mfupi."

Akafungua kikapu. Akatoa bonge jeusi, na baadhi ya wageni wakarudi nyuma. Akachomoa kisu kiunoni, akalikwangua mbele yao bila haraka, manyoya meusi yakaanguka chini, ndani pakawa na rangi ya maziwa ya jana. Akavunja, akatia kipande kinywani mwake, akatafuna, akameza. Kisha akampa mzee Maduhu kipande kingine, na pembeni yake akamwekea kile cheupe kutoka kwenye pindo la kanga.

"Huyu mweusi ndiye niliyemlisha mume wangu. Huyu mweupe ndiye aliye sahanini mwako. Onja wote wawili. Mweupe usimeze."

Mzee akatafuna wa kwanza. "Una uchachu. Kama togwa iliyolala." Akatafuna wa pili. Uso wake ulijikunja kama ngozi iliyotupwa motoni. Akageuka pembeni akatema, akatema tena, akaomba maji.

"Umeupaka dawa!" Euphrasia akapiga kelele. "Mchawi huyu! Umekuja na kipande chako umekipaka dawa!"

Hilo ndilo jibu ambalo Salvina alikuwa amelisubiri wiki tatu.

"Kweli, mama Apolonia, mimi si wa kuaminiwa. Lete chako. Lete kutoka gunia lako, kwa mkono wako, utafune mwenyewe. Sisi tutakutazama tu."

Euphrasia akaingia ndani kwa kishindo, akatoka na konzi ya vipande. Akatia kimoja kinywani na kuanza kutafuna huku amemkazia macho Salvina. Mtafuno wa kwanza ulikuwa wa kiburi. Wa pili ukapungua mwendo. Wa tatu machozi yakaanza kumtoka, naye hataki kutema, maana akitema amekwisha. Shavu linacheza, koo linakataa, mate yanamtoka pembeni mwa mdomo. Salvina alimwangalia na kuhisi kitu kinamshuka kifuani kama maji ya baridi. Alitamani ule mtafuno usiishe. Alitamani Ansgar angekuwepo.

Euphrasia akatema. Wale wanawake waliokuwa wamenyamaza msibani wakaangua kicheko, tena kwa nguvu zaidi kuliko ilivyostahili.

"Usafi huo!" mmoja akasema.

"Meza, dada, usitutupie baraka!" mwingine akadakia.

"Sasa niambieni," Salvina akasema, na sauti yake ilikuwa tamu, "ni nani katika ua huu anayepika chakula cha kuua watu?"

Kutoka nyuma ya nyumba ilisikika sauti ya mtu anatapika. Ilikuwa sauti nyembamba, ya kizee, inakatika na kuanza tena.

Apolonia akaweka mikono kichwani. "Bibi! Tulimpelekea bibi kwanza! Alisema ana njaa!"

Salvina alikuwa wa kwanza kufika. Bibi Theopista alikuwa ameanguka upande kwenye kitanda cha kamba, sahani iko tupu sakafuni. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kama wa kifaranga, midomo imebadilika rangi. Salvina akamwinua asipaliwe na matapishi, akaita maji na sukari. Sukari ikaanza kutafutwa nyumba hadi nyumba mwaka ambao sukari ilikuwa hadithi. Donatus akamfunga mama yake mgongoni kwa shuka, akapanda baiskeli huku kijana wa Samuye akiisukuma kwa nyuma, wakaenda naye zahanati. Yule Salvina aliyekuwa malkia sasa hivi alikimbia nyuma yao peku, kanga ya kanisani imemvuka begani.

Mungu ni mwema. Bibi alikuwa ametapika sehemu kubwa ya alichokula, na tumbo lake kongwe lilikuwa na akili kuliko watu waliolilisha. Jumapili jioni alirudishwa. Kichwa kinamuuma, miguu haimbebi, lakini yu hai.

Jumatatu ukoo ukakaa. Baba mkubwa akakohoa kile kikohozi chake, akasema imeonekana kwamba marehemu Ansgar alikufa kwa kifua na si kwa chakula, na kwamba Salvina alisingiziwa. Nyumba na shamba virudi kwake. Euphrasia aliambiwa apige magoti, akapiga, mbele ya watu wale wale. Salvina alimwacha magotini kwa muda mrefu kidogo kabla ya kusema "Nimesikia." Hakusema "Nimekusamehe," na kila mtu aligundua.

Ndipo Donatus akauliza kuhusu mihogo iliyobaki. Kulikuwa na magunia mawili ya vipande vyeupe, na ndani, mtama wa Mhunze ukiwa umekwisha, hamkuwa na kitu kingine cha kula.

"Shemeji, hakuna namna ya kuiokoa?"

Namna ilikuwepo. Salvina alifundishwa na mama yake mzazi katika njaa nyingine. Unailoweka siku nne, unabadilisha maji kila siku, unaitoa, unaivundika upya mpaka iote ukungu, unaikausha, unaonja kipande kimoja kwanza. Alimtazama Euphrasia, ambaye magoti yake bado yalikuwa na vumbi.

"Hakuna," alisema. "Tupeni. Tena mtupe mbali, kuku wasifike."

Euphrasia akafunika uso. Donatus na vijana wawili wakaburuta magunia kuelekea kwenye shimo la zamani ambalo watu waliwahi kuchimba dhahabu wakakosa. Salvina akaingia ndani, nyumbani kwake sasa, kumpelekea mkwewe habari njema.

Bibi Theopista alikuwa amelala ameelekea mlangoni.

"Mayu, wamekubali. Wamesema mbele ya wote kwamba sikumuua Ansgar."

"Nimesikia. Kuta hizi ni nyembamba." Bibi akapapasa hewa mpaka akaupata mkono wake. "Mimi nilijua tangu siku ile. Nilinyamaza kwa sababu ya uoga, nikawa nakutumia chumvi. Mungu ameniona."

Haya ndiyo maneno aliyoyataka kuliko shamba.

"Salvina. Ile mihogo juu ya jabali, uliiona lini?"

Angeweza kusema siku ile ile. Hakuna ambaye angembishia isipokuwa Nyamizi, na Nyamizi hasemi.

"Wiki tatu, mayu."

"Wiki tatu." Bibi alilihesabu jambo lile kwa vidole vyake vikavu juu ya mkono wa Salvina, kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu. "Basi ule ugali mlinipikia wote wawili. Yeye alisonga, wewe ulikoka moto."

Hakuwa na hasira. Aliuachia mkono, akageukia ukutani, akavuta shuka.

Salvina alitafuta neno la kujitetea, na maneno ya kujitetea alikuwa nayo mengi, ya miaka miwili. Hakupata hata moja linaloweza kusemwa kwa mgongo wa mama mzee. Akatoka nje, kwanza kwa mwendo wa kawaida, kisha kwa haraka, kisha mbio, akapita mbele ya kina mama waliokuwa bado wanazungumzia ushindi wake.

Alipofika shimoni gunia la kwanza lilikuwa limekwisha kumwagwa. Vipande vyeupe vilionekana chini kabisa, vimechanganyika na maji machafu. Donatus alikuwa ameshika kamba ya la pili. Euphrasia alikuwa amekaa pembeni juu ya kifusi, anatazama chakula cha watoto wake kinavyozama.

"Liacheni hilo."

"Si ulisema halifai?" Donatus akauliza.

"Nilisema uongo."

Vijana wakatazamana. Euphrasia akainua uso polepole, akasimama.

"Uongo? Na lile lililomwagwa?"

"Lilikuwa linafaa."

"Kwa nini, mama Klara? Nilipiga magoti!"

"Kwa sababu nilitaka mlale njaa." Salvina alikuwa anahema. "Na mtasema hivyo hivyo kijijini, sitakana. Nyie msemeni Salvina, ni zamu yenu. Lakini mwaka huu hakuna mtu wa kutupa gunia la pili."

Kwa muda ilionekana kana kwamba Euphrasia atamrukia, na Salvina aliuacha mwili wake wazi, asikinge. Kisha yule mwanamke wa Mhunze akajifuta pua kwa upindo wa kanga.

"Inafanywaje?"

"Kwanza maji. Siku nne. Yatanuka mpaka utataka kukimbia, na hutakimbia. Nitakusimamia. Na usinishukuru, sijakusamehe."

"Nani amesema anashukuru?"

Euphrasia akainama, akalitia gunia kichwani peke yake, akayumba, akasimama imara. Salvina hakumsaidia. Alimwacha atangulie, akamfuata nyuma kwa hatua chache kuelekea kisimani, na kila walipopita mlangoni pa mtu, watu waliokuwa wakimcheka Euphrasia waliacha kucheka.